Kabla ya kukanyaga reli, jua utatokea wapi

Tulikuwa tumesimama juu ya reli, Tabata, saa kumi na mbili jioni. Daladala imejaa mpaka mlangoni. Mbele yetu bajaji, mbele ya bajaji lori la mchanga, mbele ya lori hakuna aliyejua kuna nini. Mama mmoja aliyekaa dirishani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dereva, baba, hebu tutoe hapa." Dereva akajibu bila kugeuka, "Niwatoe niwapeleke wapi, mama yangu?" Hakukuwa na treni. Baada ya dakika mbili foleni ikasogea, tukashuka upande wa pili, watu wakarudi kwenye simu zao. Mimi jibu lile nilibaki nalo. Swali lilikuwa sahihi, ila alijiuliza akiwa keshapanda.

Ajali ya makutano ya reli na barabara ikitokea, lawama ya kwanza huwa ni haraka: dereva alitaka kuiwahi treni. Haraka ipo, nitaifikia. Lakini mjini wengi wanaojikuta juu ya mataruma hawakuwa wanawahi chochote. Walifuata tu gari la mbele. Foleni iliwapandisha pale, na foleni hiyohiyo ikawazuia kushuka. Kwa hiyo orodha hii, ukipenda kuiita orodha, inaanza na jambo ambalo madereva wengi huliweka mwisho.

Kabla hujaangalia kushoto na kulia, angalia mbele. Kama upande wa pili hakuna nafasi ya kumeza gari lako zima, mkia wake ukiwemo, usiingie. Usihesabu kwamba wa mbele "atasogea tu", wala kwamba utajibana. Kumbuka pia kwamba behewa ni pana kuliko njia linayopita. Reli ya kati ya zamani ina upana wa mita 1 tu kati ya chuma na chuma, lakini behewa hutokeza pande zote mbili, kwa hiyo tairi za nyuma kuvuka chuma cha pili hakujakuokoa. Ongeza mita kama tano baada ya chuma hicho ndipo uhesabu kwamba umetoka.

Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Fox River Grove, jimboni Illinois. Tarehe 25 Oktoba 1995 basi la shule lilivuka reli pale, likasimama kwenye taa nyekundu ya barabara iliyo jirani. Kwa dereva, reli ilikuwa imeshapita. Kumbe sehemu ya nyuma ya basi ilikuwa bado njiani mwa treni, na wanafunzi 7 walikufa. Kinachouma ni kwamba taa za barabarani na mitambo ya reli zilikuwa zimeunganishwa ili treni ikikaribia, magari yapewe kijani yaondoke. Muda uliopangwa haukutosha. Hapo hakukuwa na mlevi wala mtu aliyevunja geti. Kulikuwa na nafasi fupi na sekunde pungufu.

Sisi Dar tuna ugonjwa wetu wenyewe, nao ni kutanua. Treni inapita, geti limefungwa au mshika bendera kasimama. Magari ya upande huu yanajaza njia yao, halafu wajanja wanatanua kulia, wanakwenda kupanga mstari wa pili mbele kabisa. Upande wa pili nao wanafanya hivyohivyo. Bendera ikishushwa mnakutana uso kwa uso katikati ya reli kama timu mbili zilizosikia filimbi, na bodaboda wamejaza kila upenyo. Treni imepita kwa dakika moja. Kulifungua fundo hilo kunaweza kula robo saa, na muda wote huo kuna magari yamekaa juu ya chuma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usalama na foleni ni mambo mawili, kwamba ukitaka kimoja lazima upunguze kingine. Anayebaki kwenye mstari wake anaharakisha barabara na anaokoa watu kwa wakati mmoja. Uamuzi wa kutotanua ufanye ukiwa mita 200 nyuma, kwa sababu ukishafika pale mbele, ukaona wenzako wanakupita, moyo hubadilika.

Sasa haraka. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hubingirika kwa wepesi, na halishiki kama tairi kwenye lami. La kwanza ndilo siri ya kichwa kimoja kuvuta mamia ya tani, na la pili ndilo sababu hakisimami upesi. Treni ndefu ya mizigo iliyokolea mwendo inaweza kuhitaji kilomita nzima, au zaidi, kusimama. Dereva wake hana usukani wa kukukwepa. Ana breki na honi. Piga hesabu ndogo: treni ya kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde. Ukiiona ikiwa mita 300 kutoka ulipo, una sekunde 18. Lori la mita 20 linalovuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, linahitaji sekunde kama 19 ili mkia wake utoke kabisa, ukihesabu upana wa reli na zile mita tano za baada yake. Kwenye karatasi ni sekunde moja tu imepungua. Macho nayo hayasaidii, maana kitu kikubwa kinachokujia moja kwa moja huonekana kama kinajikokota.

Usitegemee ratiba. Wakazi wa Dar walizoea treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile iliyobatizwa treni ya Mwakyembe, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Kwa kuwa ilipita asubuhi na jioni, kuna waliojifunza kwamba saa sita mchana reli ni yao. Lakini reli ina treni za mizigo, ina viberenge vya mafundi, ina vichwa vinavyotembea peke yake bila behewa hata moja. Novemba 2023, Manyoni mkoani Singida, basi la abiria liligongana na kichwa cha treni na watu 13 wakafa. Kichwa kikiwa peke yake ni kifupi, na usiku mtu anaweza kudhani ile ni taa ya lori la mbali.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka shusha kioo na punguza muziki. Kwenye basi au daladala, konda ana kazi yake hapa: ashuke, asimame mahali anapoona pande zote mbili, ndipo apige bodi. Najua kuna abiria watakaonung'unika. Wanung'unike. Pale ambapo kuna njia mbili za reli au zaidi, behewa la mwisho likishapita subiri kidogo, uone njia ya pili kikamilifu. Treni iliyopita huficha inayokuja, na honi zao huchanganyika.

Gari lenyewe lijue kabla hamjafika. Ingiza gia ndogo ukiwa bado chini na uvuke nayo hiyohiyo. Gari nyingi huzimikia relini dereva akiwa anabadilisha gia. Wenye lowbedi na mabasi marefu, shida yenu ni tumbo. Vivuko vingi vimekaa kama kilima, kwa sababu kila reli inapofanyiwa ukarabati na kuongezewa kokoto, nayo hupanda kidogo, wakati lami ya pande mbili imebaki palepale. Biloxi, Mississippi, mwezi Machi 2017, basi la watalii lilikalia tumbo kwenye kivuko cha namna hiyo, likanasa, treni ya mizigo ikalikuta, watu 4 wakafa. Kama umebeba katapila, mtume utingo atangulie kwa miguu, apime kwa macho. Njia ndefu ya kuzunguka ni hasara ya mafuta tu.

Bodaboda, bajaji, baiskeli na mikokoteni wana hatari tofauti. Kando ya kila chuma kuna mfereji mwembamba unaopitisha ukingo wa gurudumu la treni, na upana wake unatosha kabisa kumeza tairi la baiskeli. Vuka ukiwa umeikabili reli sawasawa, usiikate kwa mshazari ili kukwepa shimo. Mvua ikinyesha chuma huteleza kuliko lami, kwa hiyo usifunge breki ya mbele ukiwa juu yake. Mwenda kwa miguu atoe visikilizia sauti masikioni. Na watoto wanaotembea katikati ya reli kwenda shule kwa sababu ndiyo njia kavu pekee mtaani, hao si wa kufokewa. Ni wa kutafutiwa njia.

Ukikwama je? Usianze kwa kutafuta jeki. Kila mtu ashuke kwanza, mizigo ibaki. Ondokeni relini kwa kuelekea upande treni inakotokea, lakini kwa mshazari, mbali na njia, kwa sababu gari likigongwa vyuma vyake huruka kule treni inakoelekea. Watu wawili wakimbie kando ya reli, mmoja kila upande, wakiwa na kitu chochote cha kupunga: shati, kanga, tochi usiku. Katika kanuni za reli tulizorithi, kitu kinachopungwa kwa nguvu humaanisha simama, hata kama si bendera nyekundu. Wasimame kando, si katikati ya reli, na kadiri watakavyofika mbali ndivyo dereva wa treni atakavyopata urefu wa kufungia breki. Wakati huohuo mwingine apige 112. Baada ya hayo yote ndipo mfikirie kulisukuma gari, ikiwa reli iko kimya na mtu anaangalia kila upande.

Haya ni ya dereva. Mengine hayamhusu peke yake. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, wakati Buguruni na Tabata hazijawa mitaa. Mji ndio uliofuata reli ukaikalia pande zote, na kila njia ya shamba iliyovuka mataruma ikageuka barabara. SGR, yaani reli mpya ya kisasa, imekwepa tatizo hili kwa kutokubali makutano: treni za umeme za Dar hadi Morogoro zilipoanza kubeba abiria Juni 2024, njia yao ilikuwa na uzio, magari yakipita juu au chini yake. Treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kusubiriana na bajaji. Bei ya suluhisho hilo, mbali na fedha, ni mwendo mrefu kwa mtu wa miguu mpaka kwenye kivuko cha chini, na ukikuta kivuko chenyewe kimejaa maji ya mvua utaelewa kwa nini uzio hukatwa.

Hatutajenga daraja kila mahali, lakini mengi yanayofungua foleni relini ni ya bei ndogo. Kituo cha daladala kilicho mita chache baada ya reli ndicho kiwanda cha foleni: gari moja likipakia abiria, manne nyuma yake yanakalia chuma. Kisogezwe mbele. Tuta nalo liwekwe kabla ya reli, kamwe lisiwe mara baada yake, maana linapunguza mwendo wa anayetoka wakati ndiye anayetakiwa kutoka haraka. Kisiwa chembamba cha zege katikati ya barabara, hata cha mita 30, kinamaliza kutanua kuliko trafiki watatu. Vibanda na mabango yaliyoingia hifadhi ya reli huziba macho ya dereva. Kuviondoa kunauma, kwa hiyo kianzwe na kile cha pembeni kabisa kinachoficha treni, badala ya kupiga greda mtaa mzima kisha vibanda virudi kimyakimya.

Penye mitambo, wananchi wajue inavyofanya kazi. Mkondo mdogo wa umeme hupita kwenye chuma. Magurudumu ya treni yakiunganisha chuma hiki na kile, mtambo huhisi, taa huwaka na geti hushuka. Ndiyo maana anayeiba waya wa mtambo huo kwa ajili ya vyuma chakavu anaweza kuliacha geti limefungwa siku nzima bila treni. Madereva wakishazoea geti la uongo, siku ya kweli watalizunguka.

Mkienda kwa mtendaji au kwenye kikao cha mtaa, msiende na malalamiko matupu. Kaeni kwa muda wa saa moja wakati wa jioni, mhesabu magari yaliyosimama juu ya reli na yaliyotanua, mwandike pia kituo kilipo na tuta lilipo. Marekani kila kivuko kina kibao cha bluu chenye namba yake na simu ya kupiga gari likikwama. Sisi tunaweza kuanza na nguzo ya kilomita iliyo kando ya njia: someni namba yake, muiandike kwa rangi kwenye ukuta wa duka lililo karibu, pamoja na simu ya stesheni ya jirani, kwa herufi ambazo konda atazisoma usiku kwa mwanga wa simu yake.