Kujifunza kanji 水 kwa kupitia maneno yake

Kanji (alama ya maandishi ya Kijapani iliyotoka Uchina) 水, yenye maana ya maji, huandikwa kwa mistari 4, ukianza na ule wa wima wa katikati unaoishia kwa kindoano. Husomwa *mizu*, tamshi la Kijapani chenyewe, inaposimama peke yake, na *sui*, tamshi lenye asili ya Kichina, mara nyingi inapoungana na kanji nyingine, kama katika 水道 (*suidō*, maji ya bomba), 香水 (*kōsui*, manukato) na 水曜日 (*suiyōbi*, Jumatano). Kukariri matamshi matupu ni kujichosha bure. Afadhali uandike daftarini sentensi nzima, kwa mfano 水を飲みます (*mizu o nomimasu*), yaani nakunywa maji. Vighairi vipo: 水着, vazi la kuogelea, husomwa *mizugi*, japokuwa kanji zake ni mbili.