Namna ya kufundisha nchi ndogo isiyo na bahari: Liechtenstein kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe nchi ni kitu gani, yaani ardhi yenye mipaka, watu wanaoishi humo na mamlaka inayowaongoza, hufanya vizuri kuanza na nchi ndogo kuliko kuanza na Urusi au Ujerumani. Nchi kubwa huishia kuwa orodha ya mito na miji ya kukariri, ilhali nchi ndogo huenea yote ubaoni, na mwanafunzi akaona kwa macho yake jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Mwongozo huu unahusu Liechtenstein, nchi iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria, na umeandikwa kwa walimu wa Mtwara na Lindi wanaofundisha jiografia au uraia katika madarasa ya juu ya shule za msingi na vidato vya mwanzo, pamoja na walezi wa klabu za wanafunzi. Vipindi vitatu vinatosha: cha ardhi, cha watu na cha serikali, ingawa hicho cha mwisho hudai muda zaidi na kinastahili kupewa.

Kabla ya yote, swali moja liandikwe juu ya ubao na lisifutwe hadi vipindi vyote viishe: kwa nini nchi hii haijamezwa na majirani zake? Bila swali hilo somo hugeuka mkusanyiko wa vioja, navyo vya Liechtenstein ni vingi. Bendera yake ilikutwa imefanana na ya Haiti katika Michezo ya Olimpiki ya 1936, wimbo wake wa taifa unaimbwa kwa tuni ile ile ya wimbo wa Uingereza, na inasimuliwa kwamba askari wake 80 waliopelekwa vitani mwaka 1866 walirudi wakiwa 81. Wanafunzi watacheka, kengele italia, na hakuna kitakachokuwa kimefundishwa. Vioja hivyo viwekwe akiba kwa ajili ya dakika za mwisho, kama zitabaki.

Kipindi cha ardhi kifanyike nje, uwanjani, kwa kamba, vigingi na majivu. Hatua moja ya mwanafunzi mrefu ihesabiwe kuwa kilomita moja, kisha ichorwe nchi yenye urefu wa hatua 25 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa hatua 12 pale palipo papana zaidi, huku sehemu nyingine zikiwa nyembamba kuliko hapo. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 160, karibu sawa na Manispaa ya Mtwara Mikindani, ambayo ina kilomita za mraba zipatazo 163. Mwanafunzi anayepanda daladala kutoka Mikindani hadi mjini hahitaji maelezo zaidi. Kwa walio Lindi, hesabu nzuri ya kuwapa ni kugawanya eneo la mkoa wao, lenye kilomita za mraba zaidi ya 66,000, kwa 160, wapate kuona kwamba Liechtenstein ingeingia humo zaidi ya mara 400. Hata hivyo, ni nchi ya sita tu kwa udogo duniani, kwani Vatican, Monaco, Nauru, Tuvalu na San Marino ni ndogo kuliko hiyo.

Baada ya mipaka kuchorwa, wanafunzi wachache wasimame kuwa majirani: Uswisi magharibi na kusini, Austria mashariki na kaskazini. Hapo mwalimu aulize ni jirani yupi kati ya hao mwenye bandari ya baharini. Hakuna. Liechtenstein haina bahari, na nchi zinazoizunguka nazo hazina, hali ambayo duniani kote inapatikana katika nchi nyingine moja tu, Uzbekistan. Mtoto wa Mtwara aliyezoea kuona malori ya korosho yakielekea bandarini ataelewa mara moja ugumu wa jambo hilo akiulizwa mzigo wa kiwandani upitie wapi mpaka uifikie meli. Asije akajibu kwamba utashuka kwa Mto Rhine, kwa kuwa Rhine hapo bado ni mto wa milimani usiopitika kwa meli, na meli za mizigo hupanda kutoka baharini na kuishia eneo la Basel, kule Uswisi. Mzigo hauna budi kupita kwanza katika ardhi ya mwingine, na jibu la swali la ubaoni linaanzia hapo.

Rhine yenyewe ni mpaka wa karibu upande wote wa magharibi, na hapa mwalimu wa Newala, Tandahimba au Nanyumbu ana utajiri ambao mwalimu wa Dodoma hana, maana wanafunzi wake wanaujua mpaka wa mto. Waulizwe Ruvuma hufanya nini mvua zikikolea, michanga huhama vipi, na watu wa ng'ambo na wa huku hutembeleana vipi. Kisha waelezwe kwamba Rhine ulijengewa kingo kuuzuia usitangetange bondeni, na kwamba tarehe 25 Septemba 1927 kingo hizo zilibomoka karibu na mji wa Schaan, maji yakafunika sehemu kubwa ya tambarare. Upande wa mashariki ni milima, nayo inachukua takribani theluthi mbili za nchi. Kilele kirefu kuliko vyote, Grauspitz, kina mita 2,599 na kiko kusini, wakati sehemu ya chini kabisa, karibu na Ruggell, iko kaskazini kwenye mita 430 hivi. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wamejazana bondeni kando ya mto, na wachache wako juu, kama wale wa Triesenberg, ambao wazee wao walihamia milimani katika zama za kati wakitokea Valais, jimbo la Uswisi, na hadi leo wana lahaja yao ya Kijerumani.

Kosa moja hujirudia na linafaa kusahihishwa mapema. Nchi hii ina kanda mbili za kihistoria, ya juu na ya chini, na wanafunzi wakishaiona ramani imetundikwa ukutani huiweka ya juu kaskazini. Ni kinyume. Ukanda wa juu uko kusini, kuliko na milima mirefu, na ule wa chini uko kaskazini, kwa sababu Rhine hapo unatiririka kuelekea kaskazini. Njia rahisi ya kulimaliza ni kumwaga maji ya ndoo kwenye ile ramani ya uwanjani, baada ya kuinua udongo upande wa kusini, na kuwaacha wayatazame yanakokwenda.

Kipindi cha watu ni kifupi zaidi, lakini kina mtego wa hesabu ambao haufai kurukwa. Wakazi ni wapatao 40,000, na takribani theluthi moja yao ni raia wa nchi nyingine. Mji mkuu ni Vaduz, Kijerumani ndiyo lugha rasmi, na walio wengi ni Wakatoliki. Mwanafunzi akitazama jedwali la pato la taifa kwa kila mtu ataikuta nchi hii karibu na kileleni kabisa mwa dunia, atashangaa, na pengine mwalimu naye atashangaa pamoja naye. Mshangao huo upunguzwe kwa ukweli huu: zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi Liechtenstein hulala Uswisi, Austria au kwingineko, na huvuka mpaka kila asubuhi. Kazi yao inahesabiwa katika pato, ila wao wenyewe hawahesabiwi katika idadi ya wakazi. Sehemu iliyobaki ni utajiri wa kweli, na hautokani na benki peke yake kama watu wanavyodhani, kwa sababu viwanda vinaajiri watu wengi sana. Hilti, watengenezaji wa mashine za kutobolea zege, wako Schaan, na huko huko Schaan kuna Ivoclar, kampuni inayotengeneza meno ya bandia na vifaa vya madaktari wa meno.

Kwa nini basi wafanyakazi hao wasihamie tu? Kwa sababu nchi yenyewe inabana ukaazi kwa makusudi, hata sehemu ya vibali kwa raia wa nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya hutolewa kwa bahati nasibu. Uraia nao ni mgumu: mgeni husubiri miaka 30 ya ukaazi, au baada ya miaka 10 huomba na wananchi wa halmashauri anayoishi humpigia kura kumkubali au kumkataa. Jambo hili huzua mjadala mkali darasani, hasa katika shule zenye watoto ambao ndugu zao wako pande zote mbili za Ruvuma, na mwalimu auache mjadala uende bila kutoa hukumu.

Historia isichukue zaidi ya robo saa. Familia ya Liechtenstein, iliyokuwa ikiishi Vienna na maeneo jirani, ilinunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712 kwa sababu ilitaka kiti katika baraza la Dola Takatifu la Kiroma, muungano wa zamani wa nchi za Ulaya ya Kati ulioongozwa na Kaisari, na kiti hicho kilihitaji ardhi iliyo chini ya Kaisari moja kwa moja. Tarehe 23 Januari 1719 Kaisari Karl VI akaunganisha maeneo hayo mawili kuwa utemi wenye jina la familia. Watemi wenyewe hawakujishughulisha kwenda kuutazama: wa kwanza kuitembelea nchi akiwa madarakani alikwenda mwaka 1842, na aliyehamia kabisa, Franz Joseph II, alifanya hivyo mwaka 1938. Jeshi lilivunjwa mwaka 1868. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi iliachana na umoja wa forodha iliokuwa nao na Austria, ikaingia mkataba na Uswisi uliosainiwa mwaka 1923 na kuanza kutumika mwaka 1924, na tangu hapo fedha yake ni faranga ya Uswisi.

Mwanafunzi mmoja sasa agawanye ubao mara mbili. Upande mmoja aandike mambo ambayo Liechtenstein imeyaacha mikononi mwa majirani: forodha, fedha, reli inayoendeshwa na Waaustria, uwanja wa ndege ambao haupo kabisa, na ubalozi katika nchi nyingi ambako Uswisi huiwakilisha. Upande wa pili aandike yale iliyoyashikilia yenyewe: sheria zake, kodi zake, mahakama zake, Bunge lake, na kiti chake Umoja wa Mataifa tangu 1990. Jibu la swali la juu ya ubao litakuwa limeanza kuonekana lenyewe.

Kipindi cha serikali ndicho cha kuandaa kwa uangalifu. Chini ya katiba ya 1921, iliyofanyiwa mabadiliko makubwa kwa kura ya maoni mwaka 2003, mamlaka ya dola yako kwa Mtemi na kwa wananchi kwa pamoja, na ni vigumu kulieleza hilo kwa maneno bila wanafunzi kuliigiza. Viwekwe viti 25, ambavyo ndivyo viti vya Bunge: 15 vya ukanda wa juu na 10 vya ukanda wa chini. Wabunge wachaguliwe na darasa lote, kisha wapendekeze serikali ya watu watano, Waziri Mkuu akiwemo, kwa sharti kwamba kila ukanda upate angalau wawili. Mwanafunzi mmoja akae pembeni kwenye kiti chake peke yake. Huyo ni Mtemi, au kwa usahihi zaidi ni mrithi wake, kwa kuwa Hans-Adam II, aliyeshika utemi mwaka 1989, alimkabidhi mwanawe Alois kazi za utawala mwaka 2004. Waliobaki ni wapiga kura, nao wasiachwe wakae kimya.

Mswada uwe wa mambo wanayoyajua, kwa mfano kupiga marufuku uuzaji wa ubuyu na maembe mabichi mbele ya geti la shule. Bunge likishaupitisha, wapiga kura wana haki ya kuupinga, maana kule saini 1,000 zilizokusanywa ndani ya siku 30 hutosha kuilazimisha sheria iende kwenye kura ya maoni. Kwa kuwa wapiga kura wote ni elfu ishirini na kitu, huo ni takribani mmoja kati ya 20, na katika darasa la watu 60 saini tatu zitatosha. Karatasi ipitishwe, saini zipatikane, kura ipigwe. Baada ya hapo Mtemi aulizwe kama anaidhinisha, na akikaa miezi sita bila kuidhinisha, iwe amekataa. Darasa litapiga kelele. Kelele hizo ndizo mwalimu alizokuwa akizisubiri, kwa sababu sasa ataweza kueleza kwamba wananchi wa Liechtenstein waliulizwa jambo hilo hilo tarehe 1 Julai 2012, kama uwezo wa Mtemi wa kupinga matokeo ya kura ya maoni upunguzwe, na asilimia 76 wakakataa kuupunguza. Aeleze pia kwamba katiba hiyo inawapa raia 1,500 uwezo wa kuanzisha kura ya kutokuwa na imani na Mtemi, na kwamba halmashauri yoyote kati ya 11 ina haki ya kuanzisha mchakato wa kujitoa katika nchi.

Zoezi la pili ni fupi. Wavulana peke yao wapige kura kuamua kama wasichana waruhusiwe kupiga kura. Ndivyo ilivyokuwa: wanaume walikataa mwaka 1971, wakakataa tena 1973, wakakubali kwa tofauti ndogo mwaka 1984, wakati wanawake wa Tanganyika walishapanga foleni kumchagua Rais mwaka 1962. Mwaka 2025 Brigitte Haas akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Liechtenstein. Wasichana wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza baada ya zoezi hilo, wavulana wafuate.

Kwa jaribio la mwisho, kila mwanafunzi ajibu kwa ukurasa mmoja swali lile la ubaoni. Anayejibu kwamba nchi haijamezwa kwa sababu ni tajiri, au kwa sababu majirani ni wema, apewe nusu ya alama na aulizwe utajiri huo unapita barabara ya nani. Alama zote zimwendee aliyeunganisha angalau jambo moja la ardhi, moja la watu na moja la serikali, hata kama tarehe zake hazikukaa sawa.