Riwaya mbili za fantasia zinapofanana: namna ya kupima kilichoazimwa

Kijana mnyonge wa kijijini, mzee mwenye fimbo, bwana wa giza, upanga wenye jina lake. Ukivikuta hivi katika riwaya mbili, bado hujapata kitu, maana vimo katika nusu ya vitabu vya fantasia vilivyo dukani. Dalili ya kuazima hukaa penginepo: kwenye jambo dogo ambalo hadithi ingeweza kwenda bila hilo, na kwenye mfuatano wa matukio.

Anza na miaka. Andika mwaka wa toleo la kwanza la kila kitabu, kisha utafute kitabu cha tatu kilichotangulia vyote viwili. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na ndiyo huvunja tuhuma nyingi. Chukua mvulana mwenye miwani na bundi, anayeambiwa kwamba huenda akawa mchawi mkubwa. Yumo katika Harry Potter (1997), na yumo pia katika hadithi ya katuni ya Neil Gaiman, The Books of Magic (1990). Wengi walidai ni wizi. Gaiman mwenyewe alilikataa dai hilo, akasema wote wawili walichota kwa T. H. White. Fungua The Sword in the Stone ya White, ya mwaka 1938: yumo mchawi mzee Merlyn, yumo bundi wake Archimedes, na yumo mvulana anayefundishwa bila kujua kwamba atakuwa mfalme. Shule ya wachawi nayo si ngeni, Ursula K. Le Guin aliijenga katika kisiwa cha Roke mwaka 1968. Kwa hiyo, A na B zikifanana, uliza kwanza kama zote ni watoto wa C.

Sasa chora jedwali la safu nne: tukio au kitu, sura yake katika kitabu cha kwanza, sura yake katika cha pili, na tofauti. Mistari 20 hadi 30 inatosha. Namba za sura ni lazima, kwa sababu baadaye utasoma jedwali kutoka juu kwenda chini ukiangalia kama mfuatano unalingana. Safu ya tofauti usiiache wazi hata mstari mmoja. Anayejaza mifanano tu atathibitisha chochote anachotaka, na kwa njia hiyo unaweza kuonyesha kwamba kitabu chochote kimeibwa kutoka kitabu kingine chochote.

Jedwali likijaa, futa mali ya umma, yaani yale yaliyomo katika ngano nyingi na yasiyo ya mwandishi yeyote. Chombo cha kazi hii ni faharasa ya motifu za ngano, yaani vijambo vinavyojirudia katika hadithi nyingi, ya Stith Thompson, ambayo toleo lake lililopanuliwa lilitoka kwa juzuu sita kati ya 1955 na 1958. Imepangwa kwa herufi: B ni wanyama, majoka wakiwemo, D ni uchawi, E ni wafu na roho. Tuseme umeandika kwamba adui ameficha roho yake nje ya mwili ili asife, kama Voldemort, adui wa Harry Potter. Tafuta E710, roho iliyo nje ya mwili. Katika ngano za Urusi, mauti ya Koshchei, mchawi mwovu asiyekufa, yamo kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura ndani ya sanduku. Wazo lenyewe, basi, halina mwenyewe. Linalobaki la kuhesabu ni lile lisilo la lazima: roho kugawanywa vipande saba, na kila kipande kuhitaji mauaji. Riwaya ya baadaye yenye masharti hayo mawili pamoja ingekuwa na la kujibu.

Pete inayomfanya mvaaji asionekane ipite kwenye chujio hilohilo. Plato alikwisha kuisimulia katika kitabu cha pili cha Jamhuri, pamoja na namna inavyomharibu aliye nayo.

Majina ndiyo njia ya mkato. Vibete wanaofuatana na Bilbo katika The Hobbit ya J. R. R. Tolkien (1937) ni 13, na karibu majina yao yote yamo katika orodha ya vibete ya Völuspá, shairi la kale la Iceland. Hata Gandalf limo, likiwa jina la kibete. Tolkien hakuficha, na aliyesoma mashairi hayo angeyatambua mara moja. Kuazima kwa namna hii kunataka kuonekana. Usikuweke fungu moja na kule kunakojificha.

Baada ya hapo pima mfuatano. Mfano unaofundisha zaidi ni The Sword of Shannara ya Terry Brooks (1977), ukiulinganisha na The Lord of the Rings ya Tolkien (1954 hadi 1955). Mgeni mrefu mwenye siri anafika kijiji kilichotulia. Viumbe weusi wa adui wanamwinda kijana. Baraza linakaa, kundi la watu, vibete na maelfi linaundwa. Mzee mwenye hekima anaporomoka shimoni akipambana, anadhaniwa amekufa, kisha anarudi. Kundi linatawanyika, mji mkuu unazingirwa, huku kiumbe dhaifu aliyerukwa na akili akiwa ameking'ang'ania kile kitu kinachotafutwa. Kila jambo peke yake ni jepesi. Uzito unatokana na kwamba yanafuatana karibu vilevile.

Ongeza hapo njia ya kufikia: je, mwandishi wa pili alikutana na kazi ya kwanza? Brooks amekiri athari ya Tolkien. Na Shannara ilitolewa na Del Rey, tawi la Ballantine, kampuni ileile iliyokuwa ikiuza Tolkien kwa jalada jepesi Marekani, na michoro yake ni ya ndugu Hildebrandt, waliochora kalenda za Tolkien. Soko lenyewe lililengwa.

Kisha rudi kwenye safu ya tofauti. Kwa Tolkien kitu hicho, pete, kinapaswa kuharibiwa. Kwa Brooks ni upanga, nao unapaswa kupatikana, na nguvu ya upanga ni kumlazimisha mtu auone ukweli wake. Adui anaangamia kwa sababu upanga unamwonyesha kwamba alikwisha kufa zamani. Dunia yenyewe ni hii yetu, baada ya vita vikubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoka kwa Tolkien.

Kwa zoezi la Kiswahili, weka Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) kando ya hadithi ya Abdullah bin Fadhili katika Alfu Lela Ulela. Mtawala anatuma mjumbe kwa liwali kudai kodi. Usiku mgeni anamwona mwenyeji akiwachapa wanyama wawili kisha akiwabembeleza. Wanyama ni nduguze waliogeuzwa. Hilo la kubembeleza ndilo jambo lisilo la lazima, na uhusiano hauna shaka. Ila mbwa wamekuwa manyani, Basra imekuwa Janibu, na majina yamekuwa tabia za watu: Adili, Hasidi, Mwivu. Tofauti hizo ndizo zinazoonyesha Shaaban alitaka kufanya nini na hadithi hiyo.

Makosa matatu hurudi kila mara. La kwanza ni kulinganisha filamu na kitabu; mkurugenzi huwa ameongeza au kupunguza. La pili ni kutumia toleo la baadaye. Mwaka 2002 mahakama ya New York ilitupa madai ya mwandishi mmoja kwamba neno muggle, ambalo katika Harry Potter ni mtu asiye mchawi, lilichukuliwa kwake, ikaona baadhi ya vielelezo vimechezewa baadaye, na ikamtoza faini ya dola 50,000. Shika toleo la kwanza. La tatu ni kuchanganya lugha ya uhakiki na ya sheria: hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo, na kanuni hiyo imo katika kifungu cha 9 cha TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki. Neno "wizi" liache mpaka uwe na sentensi zinazolingana neno kwa neno, bega kwa bega.

Hukumu yako iandike kwa kutaja tabaka. Kwa Shannara ingekuwa hivi: mfuatano wa matukio umeazimwa kwa wingi, wahusika kadhaa wameazimwa, kitu kinachotafutwa na mwisho wake ni vya mwandishi, maneno hayakunakiliwa.