Kufundisha "-ed" darasa la tatu kwa kupika chapati

Ukitaka mtoto wa darasa la tatu aandike "cooked" bila kusukumwa, usianze na orodha. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilijaza ubao vitenzi 40, vya sasa kushoto, vya jana kulia, na darasa likaimba mpaka sauti zikakauka. Kwenye jaribio walifaulu. Nilipowaambia waandike walichofanya Jumamosi, daftari nyingi zilirudi na "I was cook".

Kosa hilo lina akili ndani yake. Kwa Kiswahili alama ya wakati hukaa mbele ya mzizi: ni-li-pika. Mtoto anatafuta "-li-" yake katika Kiingereza, anaikuta "was", anaiweka palepale alipozoea. Kwa hiyo kazi yetu ni kumwonyesha kwamba Kiingereza hukiweka kialama hicho mkiani, kisha kumpa jambo la kuandika ambalo haliendi bila kialama hicho.

Ninachofanya siku hizi ni kuchukua tukio moja na kuliandika mara mbili: kwanza maelekezo, kisha simulizi. Maelekezo yanataka kitenzi kitupu. Simulizi inataka wakati uliopita. Mtoto akiyaona yote mawili ubaoni, tofauti inajieleza. Tenga wiki mbili.

Hatua ya 1: Chagua vitenzi ukiwa nyumbani

Mimi hutumia kupika chapati, kwa sababu karibu kila mtoto ameshawahi kusimama jikoni akitazama. Vitenzi vyangu ni vinane tu: wash, mix, press, roll, turn, fry, add, wait. Vyote hufuata kanuni. Maandazi niliyaacha kwa sababu lazima yakatwe, na "cut" haibadiliki hata ikiwa ya mwaka juzi. "Knead" nayo nimeikwepa, maana ile "k" isiyotamkwa ingewavuruga bure. "Press" inatosha kwa kukanda.

Andika kila kitenzi kwenye kipande cha boksi kuukuu. Tafuta vibanio vya nguo vinane, na kila kimoja ukiandike "ed" kwa kalamu nene ya wino.

Hatua ya 2: Vitendo kwanza, kalamu baadaye

Ukisema "Wash your hands", wananawa hewani. "Roll the dough", wanasukuma juu ya dawati. Siku mbili nzima hatuandiki kitu. Siku ya tatu tunaandika maelekezo pamoja, mstari mmoja kwa kila tendo, kwa namba. Waonyeshe kwamba kila mstari unaanza na kitenzi na hakuna aliyetajwa kuwa mtendaji, kama tunavyosema "Nawa mikono. Tia maji." Hapa Kiswahili na Kiingereza vinafanana, na watoto hufurahi kuliona hilo.

Hatua ya 3: Kibanio mkiani

Andika "Yesterday" juu ya ubao. Mwite mtoto, mpe kadi ya "mix" na kibanio. Anakibana mwisho wa kadi, anainua, darasa linasoma: "Yesterday I mixed the flour." Kila mtoto apate kubana kwa mkono wake. Kama darasa ni kubwa, fanya kwa mistari ya madawati na umalizie kesho, usiruke mtu. Ule mlio wa kibanio kikifunga unabaki kichwani kuliko maelezo yangu yote.

Kadi ya "fry" inahitaji kitu cha ziada: "y" inageuka "i" kabla ya "ed". Nina kipande kidogo cha karatasi chenye "i" ninachokibandika juu ya "y". Kanuni ya kurudia konsonanti, kama katika "stopped", naiacha hadi muhula unaofuata.

Hatua ya 4: Sauti tatu za mkia mmoja

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na unastahili. Mtoto anayesoma "washed" kama "washedi" hajazembea. Kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tulimfundisha kwamba kila herufi hutamkwa, naye anatii. Mwambie wazi kwamba Kiingereza kina desturi nyingine, kisha mpe njia ya kuijua kwa mwili.

Aweke vidole kooni. Atamke mwisho wa "wash", "mix", "press": koo halitetemeki, na mkia unasikika kama "t" fupi. Sasa "roll", "turn", "fry": koo linatetemeka, na mkia unakuwa "d". Zinabaki "add" na "wait". Hizi zinaishia na "d" au "t" tayari, hivyo mkia unapata silabi yake na unasikika kama "id". Tunapiga kofi kuhesabu: "wash" moja, "washed" moja, "wait" moja, "waited" mbili. Walio na mazoea ya kumalizia na irabu watapiga makofi mawili au matatu kwa "washed", na wao wenyewe watasikia kofi limezidi.

Maliza kwa imla fupi. Masikio yasikie "t", mkono uandike "ed".

Hatua ya 5: Simulizi

Rudini kwenye maelekezo yaliyopo ubaoni. Kando yake andikeni simulizi: mstari wa kwanza unasema nani, lini, wapi, kisha matukio kwa mpangilio, yakiunganishwa na "first", "then", "after that", mwisho jinsi mtu alivyojisikia, na "I enjoyed it" inafaa vizuri. Watahitaji "went" na "ate". Ziandike kwenye kona ya ubao wazichukue bure, bila somo.

Baada ya hapo kila mtoto aandike ya kwake, sentensi tano, kuhusu jambo lolote la nyumbani.

Hatua ya 6: Kukanusha

Usilete hili mapema. Anza na Kiswahili: nilipika, sikupika. "-li-" imekwenda wapi? Imeondoka, "-ku-" imeshika nafasi. Sasa chukua kadi yenye kibanio, "waited". Lete kadi ya "did not". Kibanio kinang'olewa: "did" imeshabeba wakati, kwa hiyo kitenzi kinarudi kitupu, "did not wait". Kwa njia hii "did not waited" hupungua sana.

Unaposahihisha

Katika simulizi ya kwanza mimi huweka alama kwenye kitu kimoja tu, mkia wa kitenzi. Tahajia nyingine zisubiri. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika kidogo ili akosee kidogo.

Muhula uliopita msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huandika sentensi mbili na kufunga daftari, aliniletea hii: "My brother did not wait. He touched the chapati and cried." "Cried" haikuwa kwenye kadi zangu hata moja. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akanyoosha kidole kwenye "fried", pale ukutani.