Babu wa Uholanzi wa miaka ya 1400? Fuata ardhi

Usihangaike na vitabu vya ubatizo. Kwa miaka hiyo havipo. Tafuta ardhi iliyoshikwa kwa kiapo cha utii kwa bwana, yaani mtawala au mkubwa mwenye ardhi. Mshikaji akifa, mrithi alikwenda kuapa upya, na karani akaandika: fulani, kwa kifo cha baba yake. Mstari mmoja, vizazi viwili! Daftari za watawala wa Holland (jimbo la magharibi mwa Uholanzi) ziko Nationaal Archief, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa, Den Haag. Daftari za mikataba za baraza la mji wa 's-Hertogenbosch zinaanzia 1367.

Jina la ukoo usilitegemee sana: mtoto wa Jan Claeszoon huenda akaandikwa Janszoon, yaani mwana wa Jan. Halafu kuna mtego wa tarehe. Mahakama ya Holland ilihesabu mwaka kuanzia Pasaka, kwa hiyo Februari 1450 ya karani ni 1451 kwetu.