Kabla hujafuta video ya zamani YouTube

Waongoza wageni wa mlimani na wapiga video za harusi hapa Moshi hunijia na swali lile lile: "Nifute hii ya zamani? Inanitia aibu." Nawaambia wasubiri kwanza. Ukishafuta, video, maoni na linki yake vimekwenda moja kwa moja. Hata ukipandisha faili lile lile upya, linapewa linki mpya na kuanza na sifuri.

1. Fungua YouTube Studio, yaani sehemu ya kusimamia chaneli yako, chagua video, angalia takwimu zake za siku 365 zilizopita, hasa saa ilizotazamwa.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Njia ya kawaida ya kuanza kulipwa kwa matangazo inadai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za video zilizo wazi kwa wote, ndani ya miezi 12. Tuseme una saa 4,200, na ile video chakavu ya njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro imechangia 600. Ukiifuta umebaki na 3,600, na maombi yako hayapokelewi. Kuificha nako hakuokoi hesabu, maana saa za video iliyo faragha au isiyoorodheshwa (inayoonwa na wenye linki tu) hazihesabiwi.

2. Jiulize kasoro hasa ni ipi. Kama ni bei za zamani, sahihisha maelezo, kisha andika maoni yenye bei mpya na uyabandike juu kabisa. Kama ni kipande kibaya au wimbo wa watu, kihariri cha Studio kinakata au kuondoa sauti, na linki inabaki ile ile.

3. Kumbuka linki ilikosambaa: magrupu ya WhatsApp, tovuti za hoteli, barua pepe ulizowatumia wageni. Mtu yuko Ujerumani anapanga safari, anabofya, anaambiwa video haipatikani. Huyo hakupigii kuuliza.

4. Umepigwa straiki, yaani adhabu ya YouTube kwa kuvunja kanuni? Kufuta video hakuiondoi. Ya hakimiliki, yaani ya kutumia kazi ya mtu bila ruhusa, hukaa siku 90, na zikifika tatu ndani ya muda huo chaneli inaweza kufungwa.

5. Zipo zinazopaswa kuondoka. Bibi harusi akisema toa, toa, usibishane naye habari za saa. Iweke faragha papo hapo, kisha hifadhi nakala. Studio hukupa nakala ya ubora wa 720p au 360p tu. Ukitaka faili halisi ulilopandisha tumia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, na utafute waifai, bando litakulilia. Faili likifunguka vizuri kwenye kompyuta, ndipo ubonyeze futa.