Merikani ya zamani: isome kabla ya kuifua

Kipande cha merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kikitoka kwenye kasha la nyanya huko Mji wa Kale, Mombasa, mkono hukimbilia sabuni. Ngoja kwanza. Maji yanaweza kuondoa ushahidi wa kiwanda: wanga uliopakwa nyuzi na mhuri wa wino kwenye ncha ya jora.

Jina linataja asili: Marekani. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na nchi hiyo, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta vitambaa hivi Unguja, vikasambaa pwani na bara. Vingine vilifumwa Lowell, Massachusetts, ambako mto Merrimack huanguka karibu mita 10. Maji yalipita kwenye mifereji, yakazungusha gurudumu chini ya kiwanda, na mikanda ya ngozi ikapeleka nguvu hiyo ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye mitambo ya kufumia. Lakini kiwanda cha Naumkeag, Salem, kilitumia mvuke. Tena vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861–1865 vilipokatiza pamba, vitambaa vya Uingereza na Bombay viliingia sokoni, na watu wakaendelea kuviita merikani. Kwa hiyo bila mhuri, usidai chako kilifumwa kwa maji.

Tandaza kitambaa juu ya shuka safi, mwanga uingie kwa ubavu. Kagua ncha zote mbili, na ukiona wino, hata uliofifia, upige picha pamoja na rula. Pima upana kutoka ukingo hadi ukingo mahali patatu. Kingo zikiwa zimekatwa, kipimo hicho hakina maana.

Sasa nyuzi. Kwa kioo cha kukuzia, pitisha ncha ya sindano uzi baada ya uzi ndani ya sentimita 1: kwanza mtande, ule unaofuata ukingo, kisha mshindio, ule unaoukatiza. Rudia mahali 5, utoe wastani. Usihesabie karibu na ukingo, nyuzi hubanana pale ukapata idadi kubwa ya uongo.

Kupima wanga, chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, sentimita 2 kila mmoja, palipokwisha chanika. Uweke kila mmoja kwenye sahani nyeupe, udondoshee iodini iliyozimuliwa. Kamwe usiidondoshe kwenye kitambaa chenyewe. Buluu-nyeusi ni wanga. Ukiwa kwenye mtande peke yake, huenda ni wa kiwandani, maana mtande ndio uliopakwa usikatike mtamboni. Nyuzi zote zikigeuka, yawezekana ni wanga wa pasi.

Kuhifadhi, usikikunje: mikunjo ndiyo hukatika kwanza. Kizungushe kwenye bomba la karatasi nene lililofunikwa pamba nyeupe iliyofuliwa bila wanga. Sanduku la bati huacha madoa ya kutu, na nailoni hufungia unyevu wa Mombasa ndani hadi ukungu uote. Wakati wa masika kifungue kila wiki mbili, kipate hewa kivulini.